Magurudumu Matatu Nyuma ya Kamba

Kuna ugonjwa ambao sijausikia ukitajwa hospitalini, nao ni ugonjwa wa kumiliki kitu ili kisitumike. Nimewaona wagonjwa wake kwa macho yangu huko Uingereza, nilikoishi miaka kadhaa nikifanya kazi ya gereji. Wengi wao ni waungwana. Wanakukaribisha chai, wanakuuliza habari za nyumbani, kisha wanakupeleka bandani kukuonyesha maiti.

Maiti niliyoonyeshwa mimi ilikuwa Morgan ya mbio, gari la magurudumu matatu la miaka ya 1930. Msomaji asifikirie bajaji. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, ndiyo maana dereva akikata kona kwa pupa huku amekanyaga breki, inataka kulala. Morgan ni kinyume chake: mawili mbele, moja nyuma, na injini ya silinda mbili imewekwa nje kabisa, mbele ya pua, uchi, kila mtu aione ikitetemeka. Dereva anakaa chini kiasi kwamba akinyoosha mkono anakaribia kugusa lami.

Yule bwana alikuwa amelizungushia kamba nyekundu. Oili ilishamwagwa, tangi limekaushwa, magurudumu yameinuliwa juu ya magogo. Nikamwomba aliwashe. Akacheka kama mtu aliyeombwa amwamshe babu yake kaburini. "Rafiki yangu," akasema, "kila maili nitakayoliendesha inakula bei yake."

Hapo ndipo ninapogombana nao. Wanasahau gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya nani. H. F. S. Morgan alilibuni la kwanza huko Malvern mwaka 1909, na mwaka 1910 akalipeleka kwenye maonyesho London. Halikuwa gari la makabaila. Baadaye, chombo cha magurudumu matatu kisichozidi kilo 400 hivi kilitozwa kodi ya pauni 4 tu kwa mwaka, basi karani aliweza kulimudu, na fundi, na kijana aliyekuwa na pikipiki akaoa. Katikati ya juma lilimpeleka kazini. Jumamosi alivua taa na vioo, akaenda kushindana.

Na lilishindana kweli! Mwaka 1913, katika mbio za magari mepesi huko Amiens, Ufaransa, W. G. McMinnies alimaliza wa kwanza akiwa na Morgan. Waandaaji wakaamua kwamba kile si gari bali ni pikipiki yenye kigari cha pembeni, ushindi wa magari wakampa mwingine. Mwaka 1924, katika mbio za maili 200 za Brooklands, Morgan ya E. B. Ware ilipinduka, yeye na msaidizi wake wakaumia vibaya, na tangu hapo magurudumu matatu yakakatazwa kushindana humo na manne. Halafu akatokea mwanamke, Gwenda Stewart, ambaye baadaye aliitwa Gwenda Hawkes. Mnamo 1930 alikuwa akizunguka uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris, kwa kasi iliyopita maili 100 kwa saa, juu ya mnyororo na gurudumu moja la nyuma! Hicho ndicho chombo tunachofungia kamba nyekundu.

Nataka nieleweke. Hofu yao naijua. Niliwahi kusimama kando ya mzee mmoja ambaye injini yake ilipasuka mbele yetu, akaokota vipande vya bastola kwenye majani kama mtu anayeokota meno yake. Yalibaki machache, wanasema, tukiyavunja hatutayapata tena. Lakini silinda huchongwa upya siku hizi, na gia, na hata kasha la injini, na wapenzi wenyewe ndio wanaozichongesha. Kisichochongeka ni masikio ya fundi. Gari lile lina vishikio vya mafuta na hewa kwenye usukani, na ya zamani zaidi yana gia mbili tu, kila moja na mnyororo wake, wala hayana gia ya kurudi nyuma. Ukitaka kugeuza njia nyembamba unashuka unasukuma. Kuviweka sawa vishikio vile injini ikiwa ya moto, kisha baridi, kisha unapanda mlima, hakufundishwi na kitabu. Kunafundishwa na mzee aliye hai kwa kijana aliyekaa ubavuni pake, wote wawili wamelowa oili. Mzee akifa gari likiwa bandani, amekwenda nayo.

Nimeuona mlima wa Shelsley Walsh, si mbali na Malvern, ambako watu wameshindana kupanda yadi 1,000 hivi tangu 1905. Siku ile Morgan moja ilikuja ikivutwa na gari bovu kuliko yenyewe. Mwenyewe alikuwa amevaa sweta lililotoboka viwikoni. Msaidizi wake, binti wa miaka ishirini hivi, kila kona aliutoa mwili wake nje ili gurudumu la nyuma lisiteleze. Walirudi chini nyuso nyeusi, mnyororo umelegea. Binti akachukua spana kabla hajaomba maji.

Jioni nikamsimulia yule bwana wa kamba nyekundu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama rangi ya gari lao ilikuwa ya asili.

Mwaka uliofuata aliliuza. Mnunuzi alikuja na lori lililofungwa pande zote, wakalisukuma gari kwa mikono, wanaume wanne wenye glavu nyeupe. Nilisimama pale na chupa ya oili, nikidhani labda nitahitajika.