Basi la Shule Ni Gari la Abiria

Wamiliki wengi wa shule binafsi hawapendi gari lao liitwe la biashara. Halipigi debe, wanasema, wala haliokoti abiria njiani. Linabeba wanafunzi wetu tu. Lakini mzazi wa hapa Kahe, mkoani Kilimanjaro, anayesomesha mtoto Moshi mjini au Himo analipa ada na, juu yake, fedha ya usafiri. Aliyelipiwa kiti ni abiria, hata akiwa na miaka mitano.

Jina hilo ndilo linaloamua nani akae kwenye usukani. Leseni ya daraja D ni ya magari binafsi. Haimruhusu mtu kuendesha gari la biashara wala la abiria. Gari la abiria 30 na zaidi linataka daraja C, na dogo kuliko hilo C1 au C2. Basi la shule likipitishwa kama gari binafsi, kijana aliyezoea pikapu ya shambani anakabidhiwa watoto wa watu.

Na Kahe si pa kujifunzia. Hapa ndipo reli ya Tanga inapokutana na ile ya kwenda Voi, na tangu 2019 treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam inapita tena kuelekea Moshi. Dereva akifika kwenye kivuko cha reli asubuhi, nyuma watoto wanaimba na kugombania dirisha, inampasa asimame kabisa, awanyamazishe, ashushe kioo, asikilize, ndipo avuke. Kazi hiyo mtu anafundishwa na kupimwa. Nchini Marekani sheria kwa kawaida inalilazimisha basi la shule kusimama kwenye kivuko cha reli, na dereva wake huwa na leseni ya biashara yenye kibali maalumu cha wanafunzi, ingawa shule nyingi za umma hazimtozi mtoto nauli.

Na si dereva tu, idadi ya watu garini nayo inahusika. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, Karatu, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wakapona watoto watatu. Gari moja dogo, watu 38. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kulizuia lisiondoke getini.

Hofu ya gharama naielewa. Leseni ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini), ukaguzi, bima ya abiria na mshahara wa dereva mwenye daraja C vyote vinaishia kwa mzazi, na wa Kahe anategemea mpunga na mahindi. Nauli ikipanda sana, mtoto atahamia bodaboda, wanne kwenye kiti kimoja, na hapo tutakuwa tumemtoa kwenye hatari moja na kumpeleka kwenye kubwa zaidi. Kwa hiyo serikali ipunguze ada ya leseni kwa magari ya wanafunzi, hata iifute kwa shule ndogo za vijijini. Daraja la dereva na idadi ya viti visiguswe.