Kinga ni bora kuliko tiba



Juma hili tuongee juu ya mwili wa mama akishaacha kazi. Mwenzetu mmoja alifundisha miaka mingi pamoja nasi hapa Katuba, Lubumbashi. Kila siku alisimama ubaoni tangu asubuhi, kisha akarudi kwake kwa miguu. Alipopata pensheni, kutembea kukaisha, lakini bukari ikabaki ileile. Baada ya miaka miwili nguo zilimbana, magoti yakauma, na kwenye kituo cha afya wakamkuta na tansiyo ya juu. Muganga akamwambia atumie dawa na atembeze mwili.

Magoti yalikataa safari ndefu za miguu. Ndipo akauza kinga ya marehemu mume wake, akanunua ingine isiyo na chuma cha juu.

Mtoto wake wa kwanza alikasirika: "Mama, watu watasema tumeshindwa kukulipia taksi. Kinga ni ya wauza makala!" Akajibu: "Mwanangu, dawa unanilipia kila mwezi. Acha na mimi nilipe kidogo kwa miguu yangu." Kijana alikaa mwezi mzima bila kufika kwa mama yake. Nasi tukiri: siku ya kwanza tulicheka.

Kisha tukamsaidia. Jioni, watoto wakishatoka, alijifunza katika kiwanja cha masomo. Tulitoa pedali na kushusha kiti mpaka miguu yote miwili ikagusa chini, akawa anajisukuma polepole. Alipoweza kukaa bila kuyumba, tukarudisha pedali. Alianguka mara mbili, akainuka.

Mama anayetaka kujaribu ashike haya:

Kwanza, apimwe tansiyo na amuulize muganga. Dawa zisiachwe bila ruhusa yake.

Pili, kiti kisiwe chini sana. Pedali ikifika chini, mguu ukaribie kunyooka. Kiti cha chini huumiza magoti, lakini kikiwa sawa, kinga hubeba uzito na magoti hupumua.

Tatu, aanze na dakika 10. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, na wazee pia, wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 au zaidi kila juma, ndiyo kusema dakika 30 kwa siku tano. Aende mwendo unaomruhusu kuongea. Akishindwa kusema maneno mawili, apunguze. Kifua kikiuma, ashuke.

Nne, avae suruali, ao afunge kikwembe mbali na mnyororo. Apite njia za ndani asubuhi, si barabara ya malori.

Tano, kinga peke yake haipunguzi uzito haraka. Apunguze bukari, mafuta na sukari, aongeze mboga kama lengalenga.

Leo mwenzetu angali anameza dawa, lakini kikwembe chake kinamzunguka tena, na analala vizuri. Siku ya Mungu moja kijana wake alifika, akakuta gurudumu halina upepo. Hakusema neno. Alitafuta pompi, akajaza.

Wamama, haya ya macho ya watu ni mzigo mzito kuliko kilo za mwili. Tuutue. Na tukimwona mama juu ya kinga, tusimcheke, tumpishe njia.

Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia.