Mionzi na Watoto Wetu

Mtoto wa miaka sita au saba akianza kuona vitu viwiliwili, jicho likaenda upande, uso ukapinda na miguu ikayumba, wako ambao hata leo husema ni mkono wa mtu. Pengine ni uvimbe wa saratani ulioota katika shina la ubongo, penye kutawala pumzi na kumeza, pasipokatika kwa kisu cha daktari. Mzazi wa Kibaha huanzia Tumbi, kisha hushika barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, hadi Ocean Road penye mionzi.

Mionzi hupigwa kila siku ya kazi kwa majuma sita hivi. Watoto wengi hupata nafuu. Mtoto hutembea tena, na nyumbani hufanywa dua ya shukrani. Baada ya miezi michache uvimbe hurudi kwa ukali, na mara nyingine husambaa hadi uti wa mgongo. Walio wengi hawamalizi mwaka mmoja tangu ugonjwa utambuliwe.

Hapo husemwa kwamba mionzi ndiyo iliyouchochea. Twalikataa neno hilo. Chembe za ugonjwa huu huwa zimekwisha kujipenyeza kati ya chembe nzima tangu mwanzo. Mionzi huzirudisha nyuma kwa muda, haizimalizi. Wala si unyonge wetu sisi tu. Karen, binti wa Neil Armstrong wa Marekani, alipigwa mionzi mwaka 1961, akapata nafuu, akafariki Januari 1962. Baba yake alikuja kukanyaga mwezi mwaka 1969. Agosti 2025 nchi hiyo iliidhinisha dawa iitwayo dordaviprone kwa baadhi ya uvimbe huu unaporudi, nayo haijawa ponyo.

Lakini lawama za wazazi zina chanzo, nacho ni kufichwa. Daktari anaposema “tutajaribu” akanyamaza, baba huuza shamba. Yawapasa waganga wetu kumweleza mzazi, kwa Kiswahili chepesi na kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, kwamba nafuu ijayo ni ya miezi tu. Na mwajiri, awe serikali au kiwanda, ampe mfanyakazi ruhusa yenye mshahara katika miezi hiyo mtoto angali akicheza, asingoje siku ya matanga. Ugonjwa urudipo, morfini ya kunywa isikosekane Tumbi, mtoto asibebwe tena hadi Dar es Salaam kutafuta usingizi wa usiku mmoja. Matawi ya Chama Kibaha yalipeleke jambo hili kwa madiwani wao.