Wimbo Mpya na Chumba Chake



Katika tafakari ya juma hili napenda tuzungumze juu ya muziki, lakini si ule wa kwaya kubwa wala wa bendi ya matarumbeta. Nazungumzia muziki unaopigwa na watu wawili, watatu, wanne au watano tu, kila mmoja akiwa na ala yake na nota zake, bila kiongozi wa kuwapungia mkono. Wazungu huuita muziki wa chumbani, kwa kuwa tangu asili ulipigwa sebuleni, mbele ya wasikilizaji wachache walioketi karibu. Katika muziki wa namna hii hakuna mahali pa kujificha. Mwimba besi mmoja akikosea kati ya wenzake kumi na wawili, huenda asijulikane; lakini mpiga selo akikosea kati ya wapigaji wanne, hata mtoto atageuka kumtazama. Kwa mtunzi ni vivyo hivyo. Hawezi kufunika udhaifu wa kazi yake kwa wingi wa sauti, wala kwa ngoma, wala kwa sare nzuri za wanakwaya.

Sasa swali langu ni hili: kazi mpya ya mtunzi kijana, ambayo haijawahi kusikika popote, isikilizwe wapi kwa mara ya kwanza, na nani? Nauliza kwa sababu parokia zetu zimejaliwa watunzi wengi, na wengi wao ni vijana. Huketi na kinanda usiku, wakaandika sauti zote nne, lakini kazi zao zina milango miwili tu ya kutokea. Mlango wa kwanza ni Misa ya Dominika, ambako wimbo mpya husikika mara moja wakati wa matoleo, huku watu wakiwa kwenye foleni ya kutoa sadaka. Mlango wa pili ni uzinduzi wa albamu, ambako yuko mgeni rasmi, zipo spika kubwa na bahasha za ahadi, na jioni yake watu hukumbuka kiasi kilichochangwa kuliko wimbo uliowakusanya. Milango yote miwili ina kazi yake, nami sisemi ifungwe. Lakini kwa maoni yangu hakuna hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya kusikiliza. Ili nieleweke vema, nawaomba tusafiri kidogo hadi Paris, mwaka 1871.

Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Prussia. Paris yenyewe ilikuwa imezingirwa kwa zaidi ya miezi minne, hata watu wakala nyama ya farasi na panya. Ni katika hali hiyo, tarehe 25 Februari 1871, mwalimu wa uimbaji aitwaye Romain Bussine na mwanamuziki Camille Saint-Saëns walipounda pamoja na wenzao chama walichokiita Société nationale de musique, yaani Chama cha Kitaifa cha Muziki. Kusudi lake lilikuwa wazi: kuzipigia hadharani kazi mpya za watunzi wa Ufaransa walio hai. Kwa maana katika Paris ya siku zile watu walikimbilia opera, na wale wachache waliopenda muziki wa chumbani walitaka wa mabwana waliokwisha kufa, hasa wa nchi za Kijerumani. Kijana aliyetunga kazi ya vyombo vinne vya nyuzi, yaani kwateti, alilazimika kuandaa tamasha lake mwenyewe na kuwaalika rafiki zake waje kumsikia. Mnamo Novemba mwaka huohuo chama kilifanya tamasha lake la kwanza.

Jambo linalonigusa mimi kama paroko ni kwamba nguzo za chama hicho walikuwa watu wa kanisani. Saint-Saëns alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Madeleine tangu mwaka 1858. César Franck alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde, na akadumu hapo hadi kufa kwake. Gabriel Fauré, kijana kuliko hao, alipelekwa akiwa na umri wa miaka tisa katika shule ya Niedermeyer, iliyowaandaa wapiga kinanda na walimu wa kwaya wa makanisa. Kwa lugha yetu tungesema hawa walikuwa walimu wa kwaya wa parokia. Dominika walitumikia altare. Jioni nyingine walikutana ukumbini kusikilizana.

Tarehe 27 Januari 1877 ilikuwa zamu ya Fauré, mwenye umri wa miaka 31 na jina lisilojulikana sana. Aliketi kwenye piano, naye Marie Tayau akashika fidla, wakapiga sonata yake ya kwanza kwa vyombo hivyo viwili. Wasikilizaji walipendezwa hata wakadai sehemu moja, ile ya haraka iliyo kama mchezo wa watoto, irudiwe palepale. Na je, alipata nini? Nyumba ya uchapishaji ya Breitkopf & Härtel ya Leipzig ilikubali kuichapisha sonata hiyo kwa sharti kwamba mtunzi asilipwe chochote. Akakubali. (Vijana wetu wanaolalamika kwamba nyimbo zao huimbwa nchi nzima bila wao kupata hata asante, wajue kwamba kilio chao kina babu.) Leo hii sonata hiyo hupigwa duniani kote, lakini ilianzia katika chumba cha watu waliokuja kwa kusudi moja tu, kusikia kitu ambacho hawakukijua.

Si kila usiku ulikuwa wa shangwe. Tarehe 17 Januari 1880 ilipigwa kwa mara ya kwanza kazi ya Franck kwa piano na vyombo vinne vya nyuzi. Aliyepiga piano ni Saint-Saëns mwenyewe, na kazi ilikuwa imetungwa kwa heshima yake. Inasimuliwa kwamba kadiri alivyoendelea kupiga ndivyo alivyozidi kuchukizwa, na ilipokwisha aliondoka jukwaani akaziacha nota juu ya piano, ingawa mtunzi alikusudia kumzawadia. Nashukuru kwamba kisa hiki kimehifadhiwa. Kinatuonyesha kwamba kusikiliza kazi mpya si lazima kuipenda. Saint-Saëns hakuipenda, lakini aliipiga yote hadi nota ya mwisho, na waliokuwapo wakapata nafasi ya kuamua wenyewe. Franck aliendelea kutunga. Tarehe 19 Aprili 1890 chama hichohicho kiliipiga kwateti yake, na safari hii watu wakaipokea kwa furaha kubwa. Alikuwa na umri wa miaka 67. Novemba ya mwaka huo akafariki.

Sasa nirudi katika kanisa la Madeleine, maana hapo pana kesi inayomhusu paroko mwenzangu. Tarehe 16 Januari 1888 Fauré, wakati huo mwalimu wa kwaya wa kanisa hilo, aliongoza katika Misa ya mazishi Requiem aliyoitunga mwenyewe, kazi ya utulivu, yenye sauti za watoto na vyombo vichache. Inasimuliwa kwamba baada ya Misa padre alimwita akamwuliza Requiem ile ni ya nani. Alipojibu kwamba ni yake, akaambiwa kanisa la Madeleine lina nyimbo za kutosha na halihitaji mambo mapya.

Kila ninaposimulia kisa hiki, wasikilizaji humcheka padre yule. Mimi siwezi kumcheka sana. Familia ilikuja kumzika mpendwa wao, haikuja kusikiliza majaribio ya mwalimu wa kwaya, na padre ndiye mwenye kuulizwa iwapo ibada imevurugika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulitaka hazina ya muziki mtakatifu itunzwe kwa uangalifu, na papo hapo ukawatia moyo watunzi kuiongeza hazina hiyo. Yote mawili yameagizwa. Lakini hati hiyo haikusema kwamba Misa iwe chumba cha mazoezi. Pale padre alipokosea, kwa maoni yangu, ni katika kudhani kwamba kilichotosha jana kitatosha daima. Mwaka 1924 Fauré alipofariki na kufanyiwa mazishi ya kitaifa, ibada ilikuwa Madeleine, na iliyoimbwa ilikuwa Requiem ileile.

Kwa hiyo, kati ya mwalimu wa kwaya na paroko panahitajika chumba cha tatu. Paris walikuwa nacho, sisi hatuna.

Najua wengine watasema: Baba Paroko, hayo ni ya watu wenye fidla na kumbi za dhahabu, sisi tuna kinanda kimoja na fundi wake hapatikani. Kwa hao nataja jina moja jingine, Olivier Messiaen, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu, Paris, tangu mwaka 1931. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alichukuliwa jeshini, na mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani, akapelekwa kambi ya wafungwa karibu na Görlitz, mahali ambapo leo pako upande wa Poland. Humo alikuwa na wafungwa wenzake watatu waliojua muziki: mmoja wa klarineti, mmoja wa fidla na mmoja wa selo. Hakuchagua vyombo hivyo kwa kuwa vinapendeza pamoja. Alichagua kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo. Mlinzi mmoja Mjerumani akampatia karatasi na penseli. Akatunga kazi yenye sehemu nane juu ya malaika wa sura ya kumi ya kitabu cha Ufunuo. Tarehe 15 Januari 1941, katika baridi kali, waliipiga kwa mara ya kwanza ndani ya banda la kambi, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano mbovu. Alikuwa na miaka 32.

Baadaye Messiaen alipenda kusema kwamba wasikilizaji walikuwa elfu tano na kwamba selo ilikuwa na nyuzi tatu tu. Utafiti unaonyesha walikuwa mia kadhaa, na mpiga selo alikana akasema nyuzi zake zilikuwa nne. Tumsamehe, wazee wetu nao wakisimulia mavuno ya zamani, magunia huongezeka. Ila alisema pia kwamba hajawahi tena kusikilizwa kwa makini namna ile, na hapo namwamini. Wengi wa wafungwa hawakuwa wapenzi wa muziki wa aina hiyo, na ulikuwa mgumu. Walinyamaza, wakasikiliza.

Hata hivyo niwatahadharishe juu ya kamati, kwa kuwa sisi Wakatoliki hatukosi kamati. Chama kile cha Paris kilichofunguliwa kwa ajili ya vijana kilizeeka, na waliofungua mlango wakaanza kuulinda. Maurice Ravel, ambaye kwateti yake ilisikika humo kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1904 akiwa bado na miaka 28, alichukizwa baadaye alipoona baadhi ya vijana wakikataliwa. Akajitoa, na pamoja na wenzake wakaanzisha chama kingine kilichofanya tamasha lake la kwanza Aprili 1910. Rais wao alikuwa nani? Fauré, mzee wa miaka 64. Usiku huo kazi mojawapo mpya ya Ravel ilipigwa na watoto wawili kwenye piano moja.

Yapo pia ya kujifunza kutoka Vienna, ambako mwaka 1918 Arnold Schoenberg aliunda chama cha kupiga kazi mpya kwa masharti magumu: hakuna kupiga makofi, hakuna waandishi wa magazeti, na kazi ngumu zirudiwe mara kadhaa. Hilo la makofi sitalipendekeza, maana mama zetu wa vigelegele hawataniacha salama. La kurudia nalitaka sana. Wimbo uliosikika mara moja tu haujasikika bado.

Basi nimeweka mezani kwa halmashauri ya walei pendekezo hili. Mara mbili kwa mwaka, Dominika alasiri, ukumbi wa parokia utumike kwa saa moja na nusu. Zipigwe au kuimbwa kazi tatu mpya, zisizozidi hapo, na watu wasiozidi wanane kwa kila kazi, bila vipaza sauti. Kila kazi isikike mara mbili, na katikati mtunzi aseme maneno machache kama ana la kusema. Kusiwe na mgeni rasmi wala kapu la mchango. Kazi si lazima iwe ya Misa. Hata ya fidla au filimbi tupu tutaipokea. Mwenyekiti ameuliza, na ameuliza kwa haki, umeme na usafi wa ukumbi vitalipwa na nani. Hilo litajadiliwa katika kikao kijacho. Watunzi walio tayari wasisubiri kikao: walete nota kwa katibu wa kwaya, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, si zimerekodiwa kwenye simu.