Mwarobaini unaua bakteria, lakini je, utamponya mwanao?

Huenda umesikia redioni au kusoma kwenye simu kuwa wanasayansi wamethibitisha mwarobaini unaua bakteria. Habari hizo si uongo. Lakini kabla hujamchemshia mwanao majani, ni vema ujue kilichothibitishwa ni nini hasa.

Maabarani, mtafiti hukausha majani, huyasaga na kuyaloweka kwenye maji au spiriti. Maji yanayochujwa hapo huwa na kemikali nyingi kwa pamoja. Tone lake huwekwa kwenye sahani iliyopandwa bakteria. Kesho yake, sehemu inayolizunguka ikibaki tupu, maana yake bakteria wameshindwa kuota hapo. Mara nyingi hatua hii ndiyo inayotangazwa.

Hata hivyo, siki nayo huzuia bakteria kwenye sahani. Kazi ngumu huanza baada ya hapo: kutenganisha kemikali moja moja, kujua ipi inaua bakteria, kwa kiasi gani, na kama kiasi hicho kinaweza kufika kwenye damu bila kuumiza ini na figo. Mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga nimbin na nimbidin kutoka mafuta ya mwarobaini mwaka 1942. Zaidi ya miaka 80 baadaye, bado hakuna antibayotiki ya kumeza wala ya sindano iliyotoka kwenye mti huo.

Kwa watoto, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti kuhusu watoto wadogo waliodhurika kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Walitapika, wakasinzia, wakapumua kwa haraka na kupata degedege.

Hata hivyo, dawa mpya zinahitajika. Mwaka 2019, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani. Utafiti wa mimea yetu uendelee, lakini mwanao asiwe sahani ya majaribio.

Hivyo, ukisikia dawa "imethibitishwa", uliza: kwenye sahani, kwa panya au kwa binadamu? Usikatishe dozi ya antibayotiki uliyoandikiwa ili uanze majani. Kama unatumia dawa ya asili, mwambie daktari bila kuona haya. Na mtoto akishindwa kunyonya, akipumua kwa haraka au akipata degedege, mwahishe kituo cha afya. Usisubiri majani yachemke.