Kama kila kitu kiko kwa simu, mlango wa pili uko wapi?



Siku hizi ukitafuta kazi, ukiuza kakao ao ukitaka kujua kama barabara iko salama, jibu ni moja: "Iko kwa simu." Sawa. Na rezo ikikatika?

Nilimaliza chuo kikuu, diploma ninayo, kazi sina. Kuna shirika moja lilitoa tangazo: dosiye zinapokelewa kwa intaneti tu, mwisho Ijumaa saa kumi. Nilianza kutuma Alhamisi asubuhi. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, kisha simu ikaniambia nijaribu tena. Mega zikaisha, nikakopa zingine. Watu wanasema usiku rezo inakuwa nyepesi. Ni kweli, lakini nani atatoka usiku kutafuta rezo hapa Eringeti? Ijumaa nikachukua moto mpaka Oicha, kwa pesa ya kaka yangu. Nilipofika, ukurasa ulikuwa umefungwa. Nilipopiga simu kueleza, wakanijibu: "Ulipashwa kutuma mapema." Sikukosa kazi ile juu ya kutojua. Hata kusomwa sikusomwa.

Lakini mimi ni kijana, nitavumilia. Jirani yetu, mama wa watoto wengi, aliuza kakao na akalipwa kwa simu. Usiku ule mtoto akashikwa na homa kali. Asubuhi kabini zote zinamwambia "hakuna koneksio". Pesa anaiona kwa simu, ni yake, na haitoki. Motari alimbeba kwa deni. Angekataa je?

Na kuna alerti. Watu wakiona ADF karibu na mashamba, habari inapita kwa simu na kwa vikundi vya WhatsApp. Rezo ikikufa saa ile, kijiji cha mbele kinalala bila kujua. Antena nyingi za huku zinaishi kwa jua, betri na mazutu. RN4 ikifungwa siku kadhaa, mazutu haifiki, na antena inanyamaza wakati ule ule tunapoihitaji zaidi.

Wengine watasema: ni juu ya vita, ni juu ya pori. Hapana. Tarehe 20 Oktoba 2025 mashine za Amazon kule Virginia, Marekani, zilipata hitilafu: ule mfumo unaoonyesha kompyuta anuani ya kompyuta zingine ulikosea, na huduma nyingi za dunia zikaanguka kwa saa nyingi. Hata Signal, ambayo wanaharakati wengi wanaitegemea, ilianguka. Wanaiita "wingu". Wingu gani! Ni manyumba yamejaa mashine, yako chini kwa udongo kama nyumba zetu, na yanazimika. Mwezi wa Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, kwenye mlango wa mto Kongo, yalikata kebo mbili zinazoleta intaneti, na Kinshasa nayo ikateseka.

Mara zingine si bahari, si mashine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, Leta ilikata intaneti nchi nzima, karibu siku 20. Sisi wa Beni na Butembo hata kura hatukuwa tumepiga. Yetu ilisukumwa hadi Machi 2019, eti juu ya Ebola na usalama. Ebola ilikuwa inaua watu hapa kwetu, na wakati ule ule tunakatiwa njia ya kupashana habari. Hiyo hatuwezi kuiita hitilafu.

Hatuombi rezo isiyokatika hata siku moja, maana hata Amazon hana. Tunaomba mlango wa pili. Shirika linalotafuta wafanyakazi huku lipokee bahasha kwenye ofisi ya sekta ao kwa chifu, na muhuri wa tarehe. Makampuni ya simu yatangaze kwa redio kabla ya kuzima antena, yaweke akiba ya mazutu kabla barabara haijafungwa, na yarudishe mega zilizokufa bila kutumika, tulizilipa. Wanunuzi wa kakao wamuulize mkulima kama anataka pesa mkononi. Kwa alerti, kila kijiji kiwe na foni inayofanya kazi, na mtu anayejua kuitumia. Filimbi na sufuria tunazo tayari.

Tuliandika barua ya madai haya kwa mkono, kurasa mbili. Kijana wetu mmoja ataipeleka kwa moto mpaka Beni. Hii munayoisoma tulijaribu kuituma mara nne.