Gari la umeme la milioni tano: Kisumu inalihitaji?

Mtu anayeishi Riat na kufanya kazi katikati ya Kisumu hasafiri mbali. Asubuhi anateremka mlima, anapita Mamboleo na Kondele, anaegesha karibu na Barabara ya Oginga Odinga, na jioni anapanda alikotoka. Hata akiwapitia watoto shuleni na kuteremka Dunga kula samaki, ni nadra kufikisha kilomita 50 kwa siku. Anayetoka Ahero au Maseno, kama kilomita 25 kutoka mjini, naye hazidi hapo kwa kwenda na kurudi. Safari fupi, za kila siku, za njia ile ile: hizo ndizo safari ambazo gari la umeme limeundiwa.

Watengenezaji wanalijua hilo, na kwa miaka michache sasa wameelekeza nguvu kwenye krosova ndogo za umeme za daraja la juu, yaani magari mafupi yaliyoinuliwa kidogo, yenye starehe ya gari kubwa. Nichukue moja kama kipimo: Volvo EX30, iliyozinduliwa Juni 2023. Jina ni la Uswidi, mwenye kampuni ni Geely ya China, na gari lilianza kuundwa China. Lina urefu wa mita 4.23. Betri yake ndogo ni ya kilowati-saa 51, kubwa ni ya 69, na yenye betri kubwa na mota moja imepimwa Ulaya kwa takriban kilomita 480 kwa chaji moja. Ile ya mota mbili hufikia kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.6, kasi ambayo sioni mahali pa kuitumia kati ya Kondele na Nyamasaria.

Tabianchi yetu inalipendelea gari hili kuliko ya kule lilikobuniwa. Baridi ya Ulaya hupunguza mwendo wa betri na kula umeme mwingi kwa kupasha joto ndani. Kisumu haina baridi hiyo; mchana hucheza karibu na nyuzi 30 mwaka mzima. Betri ndogo imeundwa kwa chuma na fosfati, aina inayovumilia kujazwa hadi pomoni mara kwa mara na isiyohitaji kobalti. Ile kubwa inatumia nikeli na kobalti, na kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa huchimbwa kwa majirani zetu Kongo, upande wa Kolwezi. Kwa safari za mjini, ningechagua betri ndogo bila kusita.

Watu huuliza haraka: na stima ikipotea? Ni swali la haki. Hakuna aliyesahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipokaa gizani. Lakini hesabu inatuliza. Kilomita 40 zinataka kama yuniti nane kutoka ukutani, na soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kiasi hicho kwa saa tatu au nne. Stima ikipotea usiku mmoja, au hata tatu, gari bado linakwenda kazini. Nalo linakwenda kwa umeme safi, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mito na upepo. Hapa hapa kaunti ya Kisumu, maji ya Sondu Miriu huzalisha megawati 60, na yakishatoka pale huendesha mtambo wa Sang'oro wenye megawati 21.

Kuna dosari moja ya ndani ya gari ambayo siwezi kuisamehe. EX30 haina saa wala mishale mbele ya usukani. Mwendo, vioo vya pembeni, hata kisanduku cha dashibodi, vyote vinategemea skrini moja iliyo katikati. Kwenye barabara yenye matuta yasiyo na alama, tuktuk zinazogeuka ghafla na bodaboda zinazopita pande zote mbili, dereva hapaswi kugeuza macho kutazama skrini ili ajue anakwenda kasi gani. Hapo urembo umepewa nafasi ya usalama.

Safari ya Nairobi ndiyo inayolikwamisha. Ni kilomita 350 hivi, kutoka usawa wa ziwa, mita 1,130, hadi juu ya mita 2,400 ukivuka nyanda za juu kuelekea Nakuru. Betri ndogo haifiki bila kuchaji njiani. Na plagi nazo hazifanani: gari lililotumika kutoka Japani lina yake, lililoundwa kwa soko la China lina yake, la Ulaya lina yake. Mtu anaweza kukuta chaja Nakuru, akasimama mbele yake, plagi isiingie kwenye gari lake.

Sasa pesa. Tuchukue kilomita 12,000 kwa mwaka. Krosova ya petroli inayokunywa lita 8 kwa kilomita 100 itataka lita 960; kwa shilingi 180 kwa lita hizo ni shilingi 172,800. Gari la umeme litataka kama yuniti 2,400, na kwa shilingi 30 kwa yuniti ya nyumbani ni 72,000. Unaokoa laki moja kwa mwaka, na zaidi petroli inapopanda kama ilivyofanya Oktoba 2023, ilipovuka shilingi 217 kwa lita Nairobi. Tangu Aprili 2023 kuna pia bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku kabla ya tozo, ila inataka meta ya peke yake.

Laki moja ni pesa nzuri. Lakini EX30 ilitangazwa Ulaya kwa bei ya kuanzia ya takriban yuro 36,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tano kabla ya meli, bandari na ushuru. Ukilipima na krosova ndogo ya petroli iliyotumika, ya aina ya Honda Vezel iliyojaa mjini mwetu, pengo linapita milioni mbili kwa urahisi. Kwa laki moja kwa mwaka, utalifidia pengo hilo baada ya miaka ishirini na zaidi. Anayekuambia gari hili litakupunguzia gharama hajakaa na kalamu.

Basi anayelinunua analinunua kwa ukimya wake, uwepesi wake na hadhi yake. Ni haki yake. Ninachopinga ni sisi wengine kumchangia. Mwaka 2019 Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kamili kutoka asilimia 20 hadi 10. Nia ilikuwa njema, lakini asilimia humpa zaidi anayenunua ghali zaidi. Kwa gari la zaidi ya milioni tano, nafuu hiyo peke yake inapita shilingi laki tano. Pikipiki ya umeme ya Roam Air, inayoundwa Nairobi, ilitangazwa kwa dola 1,500, yaani chini kidogo ya laki mbili. Nafuu ya mwenye Volvo mmoja ingenunua mbili, na chenji ingebaki.

Kuna na tozo ya barabara. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kijana wa boda anayetia lita moja Kondele anachangia 25 zake kila siku. Gari la umeme lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,700 linapita juu ya lami hiyo hiyo bila kutoa senti. Kwa kipimo cha lita zetu 960, mwenye gari hilo amesamehewa shilingi 24,000 kwa mwaka.

Wapo wanaosema wenye pesa watangulie, kwani ndio watakaoleta chaja na mafundi, kisha magari yao yatatufikia kwa bei ya mtumba. Hoja hii ina uzito. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi, na EX30 zilizouzwa kule zitashuka Mombasa tukipenda tusipende. Wakati huo fundi wa Kibuye atahitaji kujua kuufungua mfumo wa volti mia nne asiuawe nao. Lakini fundi huyo atafunzwa na pikipiki mia moja mapema kuliko na magari matatu ya Milimani.

Kando ya ziwa umeme wa kufanyia kazi umeshaanza, na haukuanzia kwa matajiri. WeTu, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa msaada wa wakfu wa Siemens, ina vituo vya sola vinavyochajia taa za wavuvi wa omena, waliokuwa wakichoma mafuta ya taa usiku kucha. Umeme wa kusafiria nao uanzie chini vile vile. Mwendesha boda hutembea kilomita nyingi zaidi kwa siku kuliko mkazi wa Riat kwa siku mbili; kila shilingi ya nafuu ya petroli inaonekana mezani kwake jioni hiyo hiyo.

Hukumu yangu juu ya gari ni hii: kama una uwanja wako, meta yako, gari jingine la safari ndefu, na pesa zisizokuuma, krosova ndogo ya umeme itakufaa Kisumu kuliko miji mingi ya Ulaya. Ukikosa moja kati ya hayo, subiri. Na juu ya ushuru: Hazina iweke kikomo cha thamani, gari linalokizidi lilipe kama mengine, na kinachopatikana kijenge chaja Ahero, Kericho na Nakuru, pamoja na vituo vya kubadilishia betri za boda hapa mjini. Muswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na baada ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mwaka huu peleka yako, kwa maandishi.